Moshi wa Nyuma ya Duka

Nyuma ya duka langu la samaki huku Kondele, Kisumu, kuna ukuta wa rangi ya krimu wenye doa jeusi lililoanzia usawa wa goti na kunipita kichwa. Ni masizi ya jenereta yangu ya dizeli. Mama jirani, ambaye huanika nguo upande wa pili, aliniambia juzi kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Mwanangu, mbuta wako wanakaa baridi, lakini shuka zangu zinanuka gereji."

Sikuwa na la kumjibu. Friza inayofunguliwa kila mteja anapofika haitunzi baridi kwa muda mrefu, na umeme unapopotea mchana, dizeli ndiyo inayoniokoa. Injini yake hubana hewa hadi ikapata joto la kuwasha mafuta bila cheche ya plagi, kwa hiyo huwaka upesi na kubeba mzigo papo hapo. Ni sifa hiyohiyo iliyoifanya nchi ijenge mitambo mikubwa ya umeme ya Kipevu, Rabai, Thika na Athi River, ambayo huchoma hasa mafuta mazito yanayolazimu kupashwa moto kwanza ndipo yatiririke. Ukame wa 1999 na 2000, ulioleta mgao wa umeme, ulitufunza kwamba mabwawa ya Mto Tana hayawezi kuachiwa kazi yote. Leo takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na vyanzo safi, mvuke wa ardhini wa Olkaria ukitangulia, na mitambo ya mafuta huhitajika zaidi jioni, matumizi yanapopanda.

Kinachonikera ni hali ya huku magharibi. Sondu Miriu, mtambo wa umeme wa maji wenye megawati 60, uko mlangoni petu, na Olkaria si mbali, lakini mwaka 2016 turbini zinazochoma mafuta zilihamishwa kutoka Embakasi hadi Muhoroni, kwa sababu nyaya zilizokuwepo hazikuweza kutuletea umeme wa kutosha bila nguvu yake kushuka njiani. Tulichoma mafuta kwa kukosa nyaya, wala si kwa kukosa umeme! Gharama ya mafuta hayo hugawanywa kwa wateja wa nchi nzima, nawe huiona kila unaponunua tokeni.

Hata hivyo, nikipiga hesabu zangu, mchafuzi mbaya zaidi ni mimi. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Mtambo mkubwa hupata zaidi ya uniti nne za umeme kwa lita, ilhali jenereta ndogo kama yangu hupata mbili au tatu, na bomba lake limeelekea dirisha la mtu. Dizeli ya vituoni haina salfa nyingi tangu 2015, kikomo kilipowekwa kuwa sehemu 50 kwa milioni, lakini masizi na oksidi za naitrojeni zimebaki, na mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kati ya visababishi vya saratani.

Jumamosi fundi alikuja akalirefusha bomba hadi juu ya bati. Shuka za mama sasa ziko salama. Mpangaji wa ghorofa ya pili, ambaye dirisha lake sasa linatazamana na bomba hilo, bado hajasema kitu.