Daftari la upande mmoja

Hii nimeiandika vipande vipande, kidogo juzi usiku, kidogo leo mdogo akiwa amelala, kwa hiyo mkiona inarukaruka mnivumilie.

Ilianza na fomu. Nlikuwa najaza fomu ya shule ya mtoto, zile fomu zinazotaka kujua mpaka jina la babu, nikafika kwenye kisanduku cha "kazi ya mama" nikakwama. Zamani ningeandika mhasibu, mkono ungeenda wenyewe. Sasa huu ni mwaka wa nne niko nyumbani na watoto watatu, nikaandika "hana". Nikakata. Nikaandika "mama wa nyumbani", halafu nikabaki naiangalia ile karatasi na mkwaruzo wake katikati. Kilichoniuma sio kukaa nyumbani, hilo tuliamua wenyewe wawili na akili zetu timamu, kilichoniuma ni kwamba mkono ulikimbilia "hana" kabla mi mwenyewe sijafikiria. Na siku hiyo nlikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nimefua shuka mbili zilizokojolewa, nimesaka kiatu cha kushoto dakika 20 nzima (kilikuwa ndani ya sufuria, msiniulize), nimemaliza vyombo vya jana na vya leo, na hapo hata saa nne asubuhi haijafika. Hana kazi!

Basi usiku ule nikachukua daftari. Nikasema wiki nzima naandika kila nnachofanya, saa na dakika, halafu Jumapili naliweka mezani mbele ya baba watoto, sisemi neno, asome mwenyewe. Nlishajiona kabisa nimekaa pale nimekunja mikono, yeye anafungua kurasa, anatikisa kichwa, anaomba msamaha. Mpaka maneno ya kuomba msamaha nlikuwa nimeshampangia.

Niseme ukweli, wiki ile nilifanya kazi kuliko kawaida. Ukishakuwa na daftari hata kupangusa meza inakuwa mradi. Nikikunja soksi jozi 11 naandika jozi 11. Nikishona kifungo naandika. Jumanne nimeandika "kusugua bafu, kutupa matakataka ya nyuma ya mlango, dakika 40". Jumatano kuna mstari umeandikwa tu "kumtuliza, saa moja na nusu", hata sikumbuki alikuwa analilia nini, nadhani ni kijiko, alitaka kile cha kaka yake na kaka yake hataki kutoa na vijiko vyenyewe vinafanana.

Usiku watu wakilala nachimba mtandaoni. Sio kwamba natafuta elimu jamani, nlikuwa natafuta risasi. Na risasi zipo. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti 2018 kwamba kazi za matunzo zisizolipwa duniani zinakula saa bilioni 16.4 kila siku, yaani ni kama watu bilioni 2 wanapiga kazi saa 8 kwa siku bila senti, na zaidi ya robo tatu ya hizo saa ni za wanawake. Nikainakili kwa kalamu nyekundu. Simon Kuznets, mwanauchumi aliyepeleka hesabu za pato la taifa la Marekani mbele ya bunge lao 1934, mwenyewe alikiri kwamba huduma za akina mama majumbani ameziacha nje. Nikainakili. Mwenzake wa Uingereza, Arthur Pigou, alishawahi kuonyesha kichekesho cha hizi hesabu, kwamba mwanamume akimuoa mfanyakazi wake wa nyumbani pato la taifa linashuka, maana kazi ni ile ile ila mshahara umekata. Hii nikaipigia mstari mara mbili. Halafu nikafika Iceland, tarehe 24 Oktoba 1975, ambapo wanawake karibu asilimia 90 waliacha kazi siku nzima, za maofisini na za majumbani, nchi ikasimama, akina baba wakaenda kazini na watoto. Hapo nlikaa nikatabasamu peke yangu gizani kama mwizi.

Na hizo hesabu bado naziamini, tusielewane vibaya. Kitu kisichohesabiwa hakitengewi hela wala mapumziko, na mtu akikuambia kazi ya nyumbani ni baraka tu kwa hiyo nyamaza, muulize lini mara ya mwisho amesugua sufuria iliyoungua. Mi tatizo langu halikuwa hesabu. Tatizo langu lilikuwa namna ninavyozifunga.

Katika kule kuchimba nilikutana na mtu mmoja ambaye hakunifaa kabisa kwa vita yangu. Mtawa wa Ufaransa wa karne ya 17, aliitwa Nicolas Herman, alikuwa askari kwanza, akaumia mguu, baadae akaingia kwenye nyumba ya Wakarmeli pale Paris akapewa jina la Laurent wa Ufufuko. Akapangiwa jikoni. Miaka na miaka, jikoni. Watu wamemwandika sana kwamba alikuwa akimkuta Mungu kwenye masufuria kama vile anavyomkuta akiwa kanisani amepiga magoti, na mi nilivyosoma hapo nikabinua mdomo, nikasema haya, mwingine huyo anayependa kupika. Kumbe wapi. Jiko hakulipenda! Imeandikwa kabisa kwamba kwa asili yake kazi ya jikoni ilikuwa inamkera. Na baadae mguu ulipozidi kumsumbua wakamhamishia kushona makubazi ya watawa wenzake. Nikafunga ukurasa, nikaona huyu hana msaada, lakini akaninasa. Kesho yake niko kwenye sinki namuwaza, askari mzima mwenye mguu mbovu, amesimama mbele ya masufuria asiyoyapenda, na hana daftari.

Maana daftari lilikuwa linanifanyia kitu. Alhamisi nlikuwa nakunja nguo, na mi ile kazi huwa naipenda, sijawahi kumwambia mtu. Kwenye nguo ndo napata habari zote za nyumba hii. Suruali ya mkubwa imetoboka goti moja tu, la kulia, maana yake wamerudia ule mchezo wao wa kuteleza chini. Fulana ya wa katikati ina wino kifuani, kalamu ameweka mfukoni bila kifuniko kama babake. Blauzi ya mdogo mikono imepanda juu ya kiwiko cha mkono karibu, juzi tu ilikuwa inafika kwenye vidole tunaikunja, na hapo unajua mtoto amekua, na wewe ndo mtu wa kwanza duniani kujua, kabla ya babake, kabla ya daktari na mizani yake, kabla ya yeye mwenyewe. Huwa nakaa na blauzi mkononi kidogo. Sasa Alhamisi ile nilivyomaliza nikaandika "kukunja nguo, dakika 35", nikaangalia ule mstari, nikaona nimeibiwa na aliyeniibia ni mimi.

Sawa. Sasa usiku wa Ijumaa.

Mdogo alikuwa na kikohozi, nimeamka naye kama saa saba hivi, nimempa maji, nimembembeleza, namrudisha kitandani nasikia vurugu bafuni. Taa inawaka. Nikasukuma mlango. Baba watoto amepiga magoti sakafuni, mkono wa shati ameukunja mpaka begani, amefungua kile kichujio cha tundu la maji machafu, na anavuta kitu kirefu cheusi kinachonuka, sitaki hata kukielezea, nywele zimesokotana na sabuni na sijui nini kama mkia wa panya.

Nikamuuliza unafanya nini saa hizi. Akasema maji yameanza kurudi. Nikasema mi sijaona yakirudi. Akasema ndo maana, nayatoa kabla hamjaona. Tangu lini? Akafikiria, akasema tangu tuhamie, kila baada ya mwezi hivi, usiku ndo hakuna anayeoga. Halafu akaendelea kuvuta, hana habari na mimi, anaongea na ile nywele, "njoo, njoo, njoo".

Nywele zenyewe ni zangu. Baba watoto ana upara, na watoto tunawanyoa.

Sikulala tena. Nimekaa jikoni na lile daftari, na kwa sababu kichwa changu ni cha uhasibu nikafanya kitu ambacho mhasibu anafanya siku ya kwanza kazini ila mi sikukifanya wiki nzima, nikaangalia kama leja, yaani daftari la hesabu, ina pande mbili. Tulifundishwa hivo wote, Luca Pacioli, Mwitaliano, alichapisha utaratibu huo Venice 1494 (mtawa naye, watawa wameniandama wiki hii) na mpaka leo hakuna ofisi inayokwepa, kila kinachoingia upande mmoja lazima kionekane na upande wa pili. Langu lilikuwa na upande mmoja. Kurasa 14 za mimi. Nikaanza kujiuliza vitu vya kijinga. Mlango wa chumba cha watoto ulikuwa unalia, umeacha kulia lini? Viatu vya shule kila Jumatatu vinang'aa, na mi sipigi kiwi, sijawahi hata kununua. Taa ya nje iliyoungua, nani aliibadilisha? Nyani haoni kundule, na mi nlikuwa nimeliandikia kitabu.

Sijui niseme vipi hili bila kujipendelea. Mi miaka yote hiyo nlikuwa naamini unyenyekevu ninao, tena wa kutosha, kwa sababu naosha choo na mi ni mhasibu mzima. Nlidhani unyenyekevu ni ile kazi yenyewe, ukishainama basi umeshanyenyekea. Kumbe mtu anaweza akainama anasugua sakafu na moyoni anasubiri makofi, na yasipokuja anaanza kuandika. Na yule aliyekuwa hahesabu alikuwa chumba cha pili, anaongea na nywele zangu.

Jumapili daftari sikuliweka mezani. Lakini sikunyamaza pia, maana kunyamaza ningerudi kulekule baada ya wiki mbili. Nilimwambia tukiwa tunaanika nguo, nikamwambia kuhusu fomu, na "hana", na wiki nzima ya kuandika. Akacheka kwanza, nikakasirika, akaacha kucheka. Akasema yeye hakujua kwamba asubuhi ni nzito vile, yeye akiondoka watoto wanakuwa wamelala na akirudi nyumba imetulia, anadhani imetulia tangu asubuhi. Tukabadilishana baadhi ya vitu. Sasa kuamka usiku tunapokezana, na Jumamosi asubuhi ni yake na watoto, mi natoka, hata nikienda kukaa tu mahali naangalia watu. Anawavalisha fulana nje ndani na narudi nakuta meza inanata, na nimejifunza kuiacha inate mpaka mchana, hiyo kwangu ni ngumu kuliko kusugua choo, nawaambia ukweli.

Nilitaka na mi nishike moja ya zake. Nikachagua tundu la bafu, kwa sababu nywele ni zangu, haki ni haki. Juzi jioni nikamwambia nionyeshe unafanyaje. Akaniambia kichujio unakizungusha kushoto, halafu unaingiza ule waya. Waya gani? Akaingia bafuni, akapapasa nyuma ya mlango, kwenye kimsumari, akatoa kipande cha waya kilichopinda pinda mbele kama ndoano, kina kutu kidogo. Nimekiangalia. Nimekifahamu.

Nikamuuliza huu ni ule ule wa siku zote? Akasema hapana, huu wa tatu, huwa unapotea potea, akipoteza anakunja mwingine.

Nikaupokea, nikapiga magoti.