Korosho za Tandika, Hela za Rusumo

Saa kumi alfajiri Tandika ilikuwa bado imelala. Tulikuwa wafanyabiashara wanne tuliochangia Fuso moja la kwenda Kigali. Mimi nilikuwa na kilo 400 za korosho za kukaanga, zimefungwa kwenye makopo, maana Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na sikutaka mzozo wa vifungashio.

Wiki mbili kabla ya hapo nilishinda mjini nikifuatilia cheti cha uasili wa bidhaa. TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, ndio wanaokitoa, na ndicho kinachomthibitishia mtu wa forodha kwamba korosho hizi zimeota Mtwara na kukaangwa Temeke, hazikushushwa bandarini kutoka nje. Mzigo usiozidi dola 2,000, kama bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi kinachojazwa palepale mpakani. Wangu ulizidi, kwa hiyo nikapanga foleni kama watu wengine.

Mwenzetu wa Kariakoo alitucheka. Yeye alipakia katoni za chupa za chai kutoka China. "Si Jumuiya moja hii ya Afrika Mashariki? Mnahangaikia makaratasi ya nini?"

Mizani ya Vigwaza ilituchelewesha. Chalinze, Morogoro na Gairo nilizipita nimesinzia. Wenzangu watatu walitangulia kwa basi. Mimi nilikaa mbele na dereva, mzee wa Kipare mwenye redio isiyoshika stesheni yoyote, na tandiboi akiwa juu ya mzigo. Singida tulisimama kula kuku, na hapo ndipo mzee alipoanza habari za hela.

"Mwanangu, baba yangu alikuwa akipeleka vitunguu Mombasa na kurudi na shilingi ileile aliyoondoka nayo. Habadilishi kitu."

Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni enzi ya mkoloni."

"Mkoloni ndiyo, lakini hela ilikuwa moja."

Sikuwa na la kumjibu. Shilingi ya Afrika Mashariki ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika tangu 1921, Zanzibar ikaingia baadaye, hadi kila nchi ilipoanzisha benki kuu yake na noti zake mwaka 1966. Rwanda haikuwemo, huko walikuwa Wabelgiji.

Tukashuka Sekenke taratibu. Nzega, Kahama, Nyakanazi. Kufika Benaco mgongo wangu ulikuwa umekufa ganzi.

Rusumo sikuitegemea hivyo. Unavuka daraja la Mto Kagera, maporomoko yananguruma chini, dereva anahamia upande wa kulia wa barabara, na mambo yote unayamalizia ng'ambo: afisa wa Tanzania anayekugongea muhuri wa kutoka na wa Rwanda anayekupokea wako jengo moja. Mpaka ambao watu walinisimulia kwamba unalala siku mbili, sisi tulitumia saa chache. Wakala wetu alishaingiza nyaraka kwenye mfumo kabla hatujafika. Korosho zangu zikapita bila ushuru wa forodha hata senti. VAT ya Rwanda ya asilimia 18 nililipa, na hiyo ilinichoma kidogo kwa sababu kichwani mwangu "bila ushuru" nilikuwa nimeisikia kama "bure". Jumuiya imefuta ushuru wa forodha kwa bidhaa zetu wenyewe. VAT kila nchi inatoza yake.

Mwenzetu wa Kariakoo ndiye aliyepata shida. Chupa zake zilishalipiwa ushuru Dar, akatakiwa kulipa tena kwa viwango vya ushuru wa pamoja ambao Jumuiya hutoza bidhaa za nje, vile vya asilimia 0, 10, 25 na 35. Akalalamika mpaka sauti ikakauka. Afisa, kijana mpole anayeongea Kiswahili cha shuleni, akamweleza kwamba bidhaa ya nje hulipiwa ushuru katika nchi inakokwenda kutumika. Aliyoyalipa Dar yangekuwa sawa kama chupa zingeuzwa Dar.

Mimi nikatoka nje nikijiona mjanja, nikawakuta jamaa wa kubadilisha fedha.

Mzee akanipa mtihani. "Chukua laki moja, igeuze faranga. Halafu mpe yule wa pili, akurudishie shilingi." Nikafanya, kwa ubishi tu. Ilirudi elfu tisini na tatu. Sijala wala sijalala, elfu saba imeyeyuka nimesimama palepale.

Kigali niliuza vizuri, sina la kulalamika. Lakini mnunuzi alinilipa faranga, na usiku ule gesti nilipopiga hesabu niliona kwamba kubadilisha fedha kumenila zaidi ya gharama yote ya cheti, nauli za kufuatilia na soda za foleni zikiwemo. Mkataba wa Umoja wa Fedha wa Jumuiya ulitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na sarafu moja ilikuwa ianze 2024. Sasa wanasema 2031. Kwanza nchi ziwe na mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa, na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Masharti ya maana, siyapingi. Ila aliyeyaandika hajawahi kusimama Rusumo na laki yake mkononi.

Nilirudi kwa basi. Pale Mbezi Luis, saa tano usiku, nikapanda bodaboda hadi Kimara, na gizani nikampa kijana noti niliyoidhania ni ya elfu tano. Akaiinua kwenye taa ya pikipiki, akaigeuza pande zote mbili.

"Dada," akasema, "hii hela ya wapi?"