Siku Moja ya Katibu wa Tawi Lindi

Saa 1 asubuhi nafungua kibanda changu cha ushonaji jirani na soko kuu la Lindi na kutia mafuta cherehani. Leo ni Jumamosi ya Simba na Yanga, nami ni katibu wa tawi la Yanga la mtaani kwetu, lakini kilichotangulia mezani ni daftari la rambirambi, kwa sababu mwanachama mwenzetu amefiwa na mama yake usiku.

Saa 3 anaingia mwenyekiti wa tawi la Simba akiwa na noti zilizokunjwa ndani ya bahasha. Nampokea kwa heshima, nahesabu mbele yake, naandika. "Hesabu vizuri, mtani," ananiambia. "Jioni mtafiwa tena, na msiba huo hatuuchangii."

Mgeni angeshangaa. Huku kusini, hata hivyo, mtani wa kabila ana ruhusa ya kuwachekesha wafiwa, na ruhusa hiyo imehamia kwenye soka bila kuombewa kibali. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Katika muda wote huo watu wamepata kisingizio cha kutukanana kwa upendo na, naamini, cha kujuana majina, makazi na shida.

Saa 5 nashona. Suruali mbili na sare ya shule, hakuna la kusimulia.

Baada ya swala ya adhuhuri tunazika. Vijana wa matawi yote mawili wamechimba kaburi pamoja tangu asubuhi, na mmoja wao, aliyebeba jeneza mbele yangu, amevaa kanzu nyepesi inayoonesha jezi nyekundu ndani yake. Hakuna aliyemkemea, mfiwa mwenyewe alitabasamu alipomwona.

Saa 10 barazani mabishano yanarejea, na kama kawaida ya Lindi yanaishia kwa Namungo ya Ruangwa. Mwaka 2020 Namungo ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba mjini Sumbawanga, sisi wa Yanga tulikuwa na sababu mbili za kuishangilia timu ya mkoa, ilhali watani wetu walibaki njia panda, wakifurahia ushindi wa mabao 2-1 huku wakiwapa pole majirani. Mpaka leo hatujawaachia hilo.

Saa 11 tumebanana kwenye banda la video, kijani upande huu, nyekundu upande ule, na katikati wafiwa wawili wa kiume ambao tuliwashawishi watoke kidogo nyumbani. Mechi ikaisha kwa sare, matokeo yasiyomfaa mtu yeyote.

Saa 2 usiku yule mwenyekiti ananigongea, jezi yake imechanika begani kwa kuruka wakati bao lao lilipokataliwa. Namtajia bei mara mbili ya ile ninayowatoza Wananchi, yaani wenzangu wa Yanga. Anasema nimwandikie deni, atalipa siku tutakapowafunga.