Leseni iliyokuwa ndani ya laptopu

Oktoba 2024 maandishi ya kijivu ya "Activate Windows", yaani onyo kwamba Windows haina leseni inayotambulika, yalirudi kwenye kona ya chini ya laptopu yetu ya nyumbani. Ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza yalitokea Septemba, miezi sita baada ya kuinunua Kariakoo, ikiwa used, kwa shilingi 480,000. Dukani niliuliza habari ya leseni. "Kaka, hiyo window ni orijino, fundi kaipiga jana tu," muuzaji akanijibu. Niliwasha, nikakuta Windows 11 Pro, Settings inasema imeamilishwa, nikalipa.

Pale dukani nilitakiwa kufungua Command Prompt, kidirisha cha kuandikia amri, na kuandika slmgr /dli, amri inayoonesha aina ya leseni. Ni kazi ya sekunde kumi. Nilipokuja kuifanya Septemba, kidirisha kilionesha VOLUME_KMSCLIENT channel, na slmgr /xpr, amri inayoonesha muda wa leseni, haikusema imeamilishwa kwa kudumu. Leseni ya KMS ni ya makampuni na taasisi: kompyuta huripoti kwenye seva ya taasisi yenyewe, na kila inaporipoti hupewa siku 180. Nyumbani kwangu hakuna seva ya namna hiyo. Fundi alikuwa ameweka programu inayojifanya seva ndani ya laptopu hiyohiyo, na ili isifutwe akaliingiza folda lake kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender, kinga ya virusi ya Windows, haivikagui. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko leseni yenyewe. Mashine tunayofanyia malipo ya benki ilikaa nusu mwaka ikiwa na mlango mmoja usio na mlinzi.

Nikanunua ufunguo mtandaoni kwa shilingi 25,000, herufi na tarakimu 25 zilizotumwa kwa ujumbe wa simu. Uliingia vizuri. Safari hii slmgr /dli ikaonesha VOLUME_MAK. MAK nayo ni ya taasisi: ufunguo mmoja wenye idadi maalumu ya kompyuta, ambao mtu huuchukua na kuuza rejareja kwa watu wasiohusika. Unaamilisha kweli, tena unasema ni wa kudumu, na ndiyo maana wanunuzi wengi huridhika. Microsoft ikiugundua huufunga. Wangu ulidumu karibu mwezi. Nilipouingiza upya nikapata 0xC004C003, maana yake ufunguo umezuiwa. Muuzaji hakupokea simu tena.

Jioni ile nikakaa kupiga hesabu. Bei ya Microsoft yenyewe nchini Marekani ni dola 139 kwa Home na dola 199 kwa Pro. Hata Home ingenigharimu zaidi ya shilingi 350,000, kwa laptopu ya 480,000. Kwa aliyejiundia kompyuta ya mezani bei hiyo ina maana, kwa sababu leseni ya rejareja huhamishika: mashine ikifa unaipeleka kwenye nyingine. Leseni ya OEM, ile inayowekwa na mtengenezaji wa kompyuta, imefungwa kwenye ubao mama, na ubao ukibadilishwa huenda nao. Lakini yangu ilikuwa laptopu ya kiwandani, na kuanzia enzi za Windows 8 watengenezaji huandika ufunguo ndani ya BIOS, programu ya kuwashia iliyo kwenye ubao mama wenyewe. Ndiyo maana laptopu za siku hizi hazina tena ile stika ya herufi 25 chini ya kasha. Fundi anaweza kufuta diski mara mia, ufunguo ule haufutiki.

Nikafungua PowerShell, kidirisha kingine cha amri, kama Administrator, nikaandika amri ya kuusoma ufunguo huo:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Amri ya zamani ya wmic sikuitumia kwa kuwa matoleo mapya ya Windows 11 huja bila hiyo. Mstari ukirudi mtupu, mashine haina leseni ndani na itabidi ununue. Wangu ulirudi na makundi matano ya herufi tano. Nikayaandika kwenye daftari.

Nilipouingiza ufunguo ule kwenye Settings, ulikataa. Sababu ni kwamba ulikuwa wa Home, na kilichopigwa ni Pro. Kutoka Home kwenda Pro unabadilisha ufunguo tu. Kushuka kutoka Pro kwenda Home lazima upige window upya. Mafundi wengi hupiga Pro kwa mazoea bila kutazama, wakaifunika leseni halali kwa ya kukraki. Naamini laptopu nyingi sana mitaani ziko hivyo.

Nilinakili faili zetu, GB 60, kwenye diski ya nje. Nikashusha Media Creation Tool, programu ya kutengeneza flashi ya kupigia window, kutoka tovuti ya Microsoft, nikachomeka flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, kwa sababu hufutwa yote. Pembeni yake, kwenye flashi nyingine, nikaweka draiva ya Wi-Fi kutoka tovuti ya mtengenezaji. Windows 11 hudai intaneti wakati wa kusanidi, na laptopu isiyoitambua Wi-Fi yake hukwama hapohapo. Kebo ya USB na intaneti ya simu ya Android nayo huokoa.

Nikawasha kupitia orodha ya kuwashia, ambayo ni F9, F12 au Esc kutegemea mtengenezaji. Kwenye ukurasa wa diski nikafuta sehemu zote za diski ya ndani, baada ya kuichomoa ile ya nje ili nisije nikakosea. Usanidi haukuuliza ufunguo wala toleo. Uliusoma ule wa BIOS na kuchagua Home wenyewe.

Baada ya kuunganisha intaneti niliandika tena slmgr /dli. Ilisomeka Core edition, jina ambalo Microsoft huiita Home kwa ndani, kisha OEM_DM channel, yaani leseni ya mtengenezaji iliyo ndani ya BIOS, kisha Licensed. Humohumo zilikuwapo herufi tano za mwisho za ufunguo. Nikafungua daftari, nikalinganisha moja baada ya nyingine, zikawa zilezile.