Leseni moja niliihesabu mara mbili

Biashara yetu ilikopa milioni 1 kununua leseni ya programu ya miaka 5, na mshika vitabu nilikuwa mimi. Mwezi wa kwanza nikaandika milioni yote kwenye matumizi. Kisha kila rejesho la benki, 22,244 kwa mwezi, nalo nikalitia humo humo. Hasara ikatisha. Leseni ile ile nilikuwa naihesabu mara mbili, na sikuona.

Kilichonichanganya ni neno amotizesheni, maana lina kazi mbili. Kwenye mkopo ni kulipa deni kidogo kidogo kwa ratiba hadi liishe. Kwenye mali isiyoshikika, kama leseni au hataza, ni kuigawa gharama yake katika miaka itakayotumika. (Kwa gari au mashine tunasema uchakavu, hesabu ni za ukoo mmoja.)

Nikafungua lahajedwali, safu nne: rejesho, riba, msingi (sehemu ya rejesho inayopunguza deni lenyewe), salio (deni lililobaki). Riba ilikuwa asilimia 12 kwa mwaka, yaani asilimia 1 ya salio kila mwezi. Mwezi wa kwanza: riba 10,000, msingi 12,244, salio 987,756. Wa pili, riba 9,878, na msingi ukapanda. Nikaburuta fomula hadi mstari wa 60. Mstari wa 30 ndio ulionishtua: nusu ya muda imekwisha, deni bado limezidi 574,000! Nikarudia hesabu. Sikuwa nimekosea, salio likiwa kubwa, riba ndiyo hula kwanza.

Leseni nikaigawa kwa miezi 60, ikawa 16,667 kwa mwezi. Basi gharama ya mwezi wa kwanza ni hiyo pamoja na riba 10,000: jumla 26,667, ilhali fedha iliyotoka ni 22,244. Msingi si gharama kabisa, unapunguza deni tu. Mwishoni mambo hugeuka: riba inabaki kiduchu, gharama inakuwa chini ya rejesho. Ukijumlisha miaka yote 5, pande zote mbili zinakutana kwenye takriban 1,334,700. Kwa vitabu vyangu vya awali ingekuwa zaidi ya milioni 2.3.

Kitu kimoja kilinikeshesha: salio la mwisho halikufika sifuri, ilibaki kama 37. Kumbe ni senti nilizozikata kwenye rejesho. Nikaziongeza kwenye rejesho la 60, nikaenda kulala.