i7-12700H na Ryzen 7 6800H: ile vita yangu na binamu

Binamu yangu anakaa Zimmerman, mi niko Kahawa West, na sidhani tumewahi maliza chai pamoja bila kurudi kwa hii stori ya prosesa, ile chipu ni ubongo wa laptopu. Yake ni Ryzen 7 6800H ya AMD, yangu ni Core i7-12700H ya Intel. Laptopu zenyewe ni za kampuni moja, mwaka mmoja, kadi ya grafiki RTX 3060 zote mbili, ramu 16 zote mbili, hata rangi ni hiyo hiyo ya majivu, ukiziweka mezani zimefungwa itabidi usome stika ndio ujue ya nani ni gani. Kwa hivyo tukibishana hakuna pa kujificha, ni prosesa tu.

Yeye anaandika kodi za programu, usiku anacheza gemu. Mi nashuti vidio za harusi na ruracio, zile sherehe za mahari, saa zingine mazishi. Shikilia hapo.

Nianze na penye nilichezwa. Yangu nilinunua Luthuli hapo tauni, ex-UK, yaani imetumika Uingereza, duka la kupanda ngazi, chumba kaa kabati, na jamaa ananiambia "kastoma wangu, hii iko na kori kumi na nne, ile ingine nane, hesabu ni yako." Mi nikapiga hesabu venye alitaka niipige, nikaongeza elfu kumi juu nikatoka nikitabasamu. Kori ni kaa wafanyakazi ndani ya prosesa, na kumbe za Intel si za kuhesabu kaa mayai kwa trei. Kubwa ni 6, hizo ndio za kazi ngumu, zinafika kasi ya gigahezi 4.7 na kila moja inashika thredi mbili, yaani kazi mbili kwa wakati mmoja. Zile zingine 8 ni ndogo, zinaishia 3.5, thredi moja moja, kazi yao ni vibarua vya nyuma nyuma. 6 mara mbili jumlisha 8 ni 20. Ryzen iko na 8, zote kubwa, zote zinafika 4.7, thredi mbili kila moja, jumla 16. Ukihesabu kubwa peke yake binamu ndio ako na nyingi, na hiyo aliniambia siku ya kwanza kabla hata nitoe laptopu kwa begi.

Alafu hii mambo ya kuchanganya kubwa na ndogo inataka Windows 11. Ndani ya hiyo prosesa kuna kitu Intel wanaita Thread Director, inaambia Windows kazi gani iende kwa kori gani, na Windows 10 haiskii hiyo lugha vizuri. Yangu ilikuja na Windows 10 ya muuzaji. Sasa naanza kutoa vidio ya harusi, yaani ile kuekspoti nikishamaliza kuediti, naona mwendo ni mzuri, nashusha dirisha chini nijibu mteja WhatsApp, nikirudi naona bado iko penye niliiacha. Nikifungua dirisha inakimbia, nikishusha inatambaa. Wiki nzima nilikuwa nadhani nimeuziwa kitu imekufa nusu, kumbe Windows ikiona nimeshusha dirisha inadhani hiyo kazi si ya maana inaitupa kwa zile kori ndogo. Nikaweka 11, ikaisha.

Tukija kwa nguvu kavu, stima ikiwa kwa ukuta, yangu inashinda. Tulikimbiza Cinebench R23, ile programu ya kupima nguvu ya prosesa, kwa zote mbili kwa meza moja siku ya Jumapili, na ile ya kori zote yangu iliacha yake kwa pengo la kuonekana, hata yeye alinyamaza kidogo. Lakini aliweka mkono kwa kibodi yangu akatoa haraka. Karatasi inasema zote ni za wati 45, sawa, lakini hiyo 45 ya Intel ni bei ya kuanzia tu, ukiisukuma imeruhusiwa kupanda hadi 115 kaa mashine inaweza kuipoza. Ryzen haina hiyo fujo. Yake imetengenezwa na TSMC, kiwanda cha chipu cha Taiwan, kwa teknolojia ya nanomita 6, na kawaida namba ikiwa ndogo chipu inakula stima kidogo. Yangu ni hiyo kitu wanaita Intel 7, na usidanganywe na jina, hiyo ni ile nanomita 10 yao tu waliibadilisha jina mwaka wa 2021.

Na ju tumefika kwa joto, kuna kitu huwa nachekelea. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,800, kwa hivyo maji ya chai huku yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Ryzen imeruhusiwa kufika 95, i7 imeruhusiwa 100. Maanake nikitoa vidio ndefu, kile kipande cha silikoni kwa meza yangu kinaweza kuwa moto kuliko chai yenye iko kwa sufuria jikoni. Na hewa ya huku ni nyepesi, feni inazunguka kelele ile ile lakini inabeba joto kidogo kuliko ingebeba Mombasa. Bahati yetu ni baridi ya Julai. Mombasa ingekuwa na hewa nzito alafu iwe ya moto, sijui ni nani angeshinda hapo.

Sasa ile maneno yenyewe.

Kamera yangu ni Sony A7 IV, na nashuti H.265, njia moja ya kubana vidio, ya biti 10, 4:2:2. Kwa wale hawashuti, hiyo 4:2:2 ni hesabu ya rangi. Vidio ya kawaida, kaa ya simu, ni 4:2:0, yaani kwa kila pikseli nne rangi inarekodiwa kaa ya moja tu, zingine zinaazima kwa jirani. 4:2:2 inarekodi rangi mara mbili ya hiyo. Macho hayaoni tofauti hadi uanze kurekebisha, na harusi zetu unajua venye huwa, bibi arusi ako na gauni jeupe chini ya hema la zambarau, akina mama wako na vitenge vya rangi zote za dunia, ngozi zetu ni za aina ishirini kwa picha moja. Bila hiyo rangi ya ziada, ukijaribu kutoa ile zambarau kwa uso wa mtu anabaki kaa ametoka mortuari. Kwa hivyo sirudi 4:2:0.

Shida ni kuicheza hiyo vidio. H.265 imebanwa sana, kuifungua ni kazi, na ndio maana prosesa na kadi za grafiki zinakuwa na kipande maalum ndani cha kufungua vidio tu. Lakini hicho kipande kinajua zile aina kimefundishwa, si zote. RTX 3060 haijui 4:2:2. NVIDIA wenyewe walikuja kuiweka na kadi za RTX 50, 2025. Ile Radeon 680M, grafiki ndogo iko ndani ya Ryzen ya binamu, pia haijui. Na ile grafiki ndogo ya Intel, hiyo Iris Xe kila mtu hudharau, kumbe inajua, H.265 4:2:2 ya biti 10 kwa Intel iko kwa laptopu tangu kizazi cha 10 na 11 huko.

Tuliweka klipu moja, ruracio moja Murang'a, kwa Premiere Pro, programu yangu ya kuediti, kwa mashine zote mbili. Kwa yangu nikabonyeza kucheza ikacheza, nikaruka mbele ikaruka, prosesa ni kaa imelala. Kwa yake kori zote 8 zikapanda juu, feni zikaanza, na mzee wa upande wa bwana akawa anacheza kaa roboti, anainua mkono, anaganda, mkono unapatikana kwa bega. Binamu akacheka, akasema "tengeneza proksi basi." Ni kweli unaweza, unatengeneza nakala nyepesi za klipu zote alafu unaediti na hizo. Lakini harusi ni kamera mbili, saa kumi na mbili za siku, hiyo kutengeneza proksi ni usiku mwingine mzima na SSD ingine, na mteja ameshaanza kupiga simu Jumatatu asubuhi kuuliza "tumefika wapi."

Kuna mitego miwili hapa. Moja, hii uzuri ni ya H.265 peke yake, ukishuti H.264, ile njia ya zamani ya kubana, ya 4:2:2 hiyo kipande cha Intel nacho kinakataa na unarudi kuteseka na kori. Pili, laptopu nyingi za gemu ziko na setingi ya kuzima grafiki ndogo ili kadi kubwa iongee na skrini moja kwa moja, na wacheza gemu wanaipenda ju inaongeza fremu. Yangu ilikuja imewekwa hivyo. Nikashangaa vidio inaganda kaa ya binamu, nikamtusi muuzaji kwa roho, hadi nikaona kwa Task Manager kuna grafiki moja tu badala ya mbili. Nikarudisha ile ya kuchanganya, nikawasha upya, Iris Xe ikarudi na mzee wa Murang'a akacheza vizuri.

Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimeandika hii posti kichwani kabisa, nimeshamtukana binamu vizuri.

Alafu stima ikapotea. Ilikuwa Alhamisi jioni, mtaa wote wetu giza, tokeni zangu zilikuwa nyingi lakini tokeni haziwashi trasfoma. Binamu alikuwa kwangu. Tukaendelea na betri. Yangu ikishatoka kwa ukuta inakuwa mtu mwingine, wati zinashushwa na hiyo i7 ukiinyima chakula inanyong'onyea, na hata hivyo asilimia ya betri inashuka kaa maji kwa tangi iliyopasuka. Nikawa naediti nikiangalia kona ya skrini kuliko vidio. Nikafunga. Yeye alikuwa anaandika kodi yake, skrini amepunguza mwanga, feni hazisikiki kabisa, kadi kubwa imelala, ile 680M ndio inabeba kila kitu. Alafu akafungua gemu na hiyo 680M tu, bila RTX, na ikachezeka! Iris Xe yangu kwa gemu haiwezi simama karibu na hiyo. Mi nikaenda kupika ugali kwa tochi ya simu, nikarudi, yeye bado yuko. Tukakula, bado yuko. Hakusema kitu, na angesema tu ingekuwa afadhali.

Kuna vitu vingine, Thunderbolt 4, ile tundu ya kasi, kwa yangu inasaidia na SSD ya nje, kashe, kumbukumbu ndogo ndani ya prosesa, ni megabaiti 24 kwa 16 yake, na yangu ingekubali ramu ya DDR4 ya bei rahisi kaa bodi ingetengenezwa hivyo, yake ni DDR5 peke yake. Hizo hazijawahi amua kitu kwetu.

Mtu akiniuliza leo, mi huuliza kwanza kamera yako inarekodi nini, na mtaani kwenu stima inapotea mara ngapi, ju majibu ya hizo mbili yanafanya ile hesabu ya kori 14 na 8 ikae kaa mchezo wa watoto. Anayeandika kodi kwa matatu ya Thika Road na kwa mikahawa achukue Ryzen asinisumbue. Mwenye kushuti kaa mi na ako na meza na soketi, i7, na anunue stendi ya kuinua laptopu ndio hewa ipite chini.

Sisi tumepatana hivi: nikienda kushuti mbali, Machakos ama Murang'a, nabeba yake. Kazi huko ni kumwaga kadi za kamera kwa SSD na kuhakikisha klipu zimeingia, na hiyo inafanya siku yote bila kuomba soketi kwa wenye boma. Yeye anabaki na yangu wikendi anacheza gemu ikiwa kwa ukuta, anafurahi. Sheria ni moja tu, asiguse ile setingi ya grafiki. Jumapili iliyopita nimerudi nikafungua Premiere, mama wa bibi arusi akaganda na kijiko mdomoni.