Jumatano kambi ya wakimbiaji Iten, Kenya: siku ya kupoza miguu

Saa 11:20 alfajiri. Kabla mkimbiaji hajatoa mguu kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, anahesabu mapigo ya moyo dakika nzima. Namba inaingia kwenye daftari lililoning'inia mlangoni, pamoja na saa alizolala na neno moja kuhusu miguu: myepesi au mizito. Mwenye kawaida ya 44 akiandika 51, asubuhi moja hainitishi mimi kocha. Huenda hakunywa maji ya kutosha, huenda homa inamnyemelea. Asubuhi mbili mfululizo, na miguu mizito juu yake, leo hatoki. Kawaida yenyewe tuliipata kwa kupima wiki mbili akiwa kwenye mazoezi mepesi. Mpigo wa jirani hausaidii kitu.

Ila daftari nalo hudanganya. Aliyechoshwa kwa miezi anaweza kuamka na mpigo wa chini kabisa ukadhani yuko fiti, kumbe uwanjani moyo unakataa kupanda. Anasukuma kwa nguvu zote anakwama 165, pale alipozoea kugonga 180. Huyo ndiye wa kuogopwa.

Saa 12:00. Jana ilikuwa mbio za kasi uwanjani, kesho ni kilomita 35. Leo iko katikati, na Jumatano ndiyo huharibu wanariadha kuliko Jumanne na Alhamisi zikiwekwa pamoja. Dakika 50 tu. Tunaanza kilomita kwa dakika 6, tunamaliza kwa dakika 4 na nusu, watu ambao siku ya mashindano huikata kwa dakika 3. Kipimo ni mdomo: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, punguza. Tuko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari; aliyefika juzi kutoka pwani anakimbia nusu ya dakika hizo kwa siku 10 za kwanza.

Shida huja kilomita mbili za mwisho. Mmoja akishanusa chai anaongeza, wengine hawakubali kuachwa, na mbio za pole zimekuwa mashindano. Misuli huhitaji saa 24 hadi 48 kurudisha akiba ya wanga baada ya kazi ya jana. Imeanza kujaza, wewe unachota tena.

Saa 1:15. Chakula ndani ya nusu saa. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 70 za wanga: vipande vinne vya mkate na vikombe viwili vya chai ya maziwa yenye sukari hufika hapo. Wako wanaojinyima ili wawe wepesi. Mifupa ndiyo hulipa. Msichana asiyeona hedhi miezi mitatu anapelekwa hospitali, hata kama muda wake uwanjani unazidi kuwa mzuri.

Saa 3:00. Wengine wanaita mapumziko kwa sababu hakuna mbio. Kisha unamkuta anapalilia mahindi, au ameshika matatu kwenda Eldoret kusimama foleni ya benki. Hiyo haijawa siku ya kupumzika. Nguo zifuliwe jana, leo ni kulala kwa saa moja na nusu, pazia limefungwa.

Saa 7:00. Ugali, maharage, sukuma wiki. Chai isubiri saa moja, maana huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, na upungufu wa chuma hufanana sana na uchovu wa mazoezi. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu kocha au ratiba, damu ipimwe.

Saa 9:00. Miundi. Napitisha dole gumba kwenye mfupa kutoka chini ya goti hadi kifundo. Maumivu yakitapakaa urefu wa kiganja, mara nyingi ni utando wa mfupa umewaka, tunapunguza. Yakikaa mahali pamoja padogo kama sarafu, nashuku ufa.

"Niko sawa tu, kocha."

"Basi ruka kwa mguu huo mara kumi, kijana."

Akikunja uso mruko wa tatu, mbio zimeisha, na kama ni ufa kweli ni wiki 6 hadi 8. Eksirei wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, ndiyo maana picha safi haimrudishi barabarani.

Saa 11:00 jioni. Ratiba. Wiki tatu kilomita zinapanda, ya nne tunakata theluthi yake. Uchovu wa siku chache ni sehemu ya kazi. Lakini mtu akipumzika wiki mbili kamili na bado muda wake haurudi, hasira ziko karibu na usingizi haumshiki, hapo tumevuka mpaka, na kurudi huchukua miezi. Hakuna kipimo kimoja cha damu kitakachokuambia hivyo. Daktari huondoa magonjwa mengine kwanza.

Saa 3:00 usiku. Simu zinakusanywa kwenye ndoo, taa zinazimwa. Kesho gari la maji linaondoka saa 11:45. Aliyeandika 51 leo, asipoandika chini ya 47, atakaa nyuma akigawa chupa.